Funzo la mchoraji wa Ethiopia kwa vijana wa Kitale na Bungoma

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, sanaa ilipata nafasi ambayo haikuwahi kuwa nayo katika elimu ya Kenya. Sekondari ya juu iligawanywa katika mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mpango wa Wizara ya Elimu ulikuwa kwamba mkondo wa kwanza uchukue asilimia 60 ya wanafunzi, wa pili asilimia 25, na ule wa sanaa na michezo asilimia 15.

Asilimia 15 ya kundi lililozidi watahiniwa milioni moja si idadi ndogo. Hata tukiwaondoa watakaofuata muziki, maigizo na spoti, watakaobaki na brashi mkononi ni maelfu ya vijana. Baadhi yao wako Trans Nzoia na Bungoma, kaunti ambazo nchi huzikumbuka kwa mahindi na miwa, wala si kwa picha.

Katika kaunti hizi mbili swali la wazazi wengi ni moja: je, uchoraji utamlisha mtoto? Ni swali la haki kwa mtu anayelipa karo kwa magunia ya mahindi, au kwa malipo ya miwa ambayo aghalabu huchelewa. Hata hivyo, lipo swali jingine linalotangulia hilo, nalo haliulizwi. Sanaa ya taifa hujengwa na nani, na hujengwa kwa njia gani? Mzazi hawezi kujua iwapo kazi italipa ikiwa haelewi kazi hiyo hukua vipi.

Jibu mojawapo liko Addis Ababa, katika maisha ya mchoraji aliyeibadilisha sanaa ya nchi yake kwa picha ambazo wengi hawakuzielewa zilipoonekana mara ya kwanza. Picha hizo huitwa dhahania. Hazikusudii kumwonyesha mtu, mnyama au nyumba kama jicho linavyovizoea. Huzungumza kwa rangi, mistari na maumbo, kama vile ngoma inavyozungumza bila maneno.

Gebre Kristos Desta alizaliwa Harar, mashariki mwa Ethiopia, mwaka 1932. Baba yake alikuwa mtu wa kanisa mwenye ujuzi wa kuchora picha za kidini. Hivyo basi kijana huyo alikulia ndani ya mapokeo ya kale: watakatifu wenye macho makubwa waliochorwa katika kuta za makanisa na katika vitabu vya ngozi. Mwaka 1957 alipata ufadhili wa kwenda kusomea sanaa Cologne, katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo, na akahitimu mwaka 1961.

Alirejea katika nchi iliyokuwa na picha yake tayari kuhusu mchoraji mkubwa. Afewerk Tekle, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, alikuwa ameipamba Africa Hall ya Addis Ababa kwa madirisha makubwa ya vioo vya rangi yanayosimulia ukombozi wa Afrika. Kazi hiyo ilikuwa na watu, ishara na simulizi ambayo mtazamaji angeweza kuifuata. Gebre Kristos alileta kitu tofauti. Katika maonyesho yake ya mwaka 1963 wakazi wa Addis Ababa walikumbana na picha ambazo ndani yake rangi na umbo vilitangulia kisa. Hata mada ya kanisani aliigeuza: katika mchoro wake uitwao Golgotha, wa mwaka huohuo, mateso ya msalabani yanasimuliwa kwa uzito wa rangi kuliko kwa nyuso za watakatifu.

Lawama hazikukawia. Palikuwa na waliosema kwamba sanaa hiyo ni ya Ulaya, na kwamba Mwethiopia mwenye urithi wa karne nyingi hana haja ya kuazima. Ni lawama ambayo kila msanii wa Afrika anayechora picha dhahania huisikia hadi leo, na Kitale na Bungoma hazitakuwa tofauti. Pamoja na hayo, mwaka 1965 alitunukiwa Tuzo ya Haile Selassie ya sanaa, na taifa likawa limekiri kwamba njia yake nayo ni ya Kiethiopia.

Lakini ushawishi wa Gebre Kristos haukutokana na tuzo, wala na wingi wa picha zake. Ulitokana na darasa. Aliporudi nyumbani aliingia kufundisha katika Shule ya Sanaa ya Addis Ababa, ambayo mchoraji Ale Felege Selam alikuwa ameianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1966 Skunder Boghossian, aliyekuwa ameishi Paris kwa miaka kadhaa, alijiunga na shule hiyo na kufundisha hadi mwaka 1969. Wawili hao hawakufanana. Gebre Kristos aliegemea umbo na hisia. Skunder alichota katika maandishi ya kale ya kanisa, hirizi za kimila na ndoto. Mwanafunzi aliyekaa mbele yao alilazimika kuchagua, na anayelazimika kuchagua huanza kufikiri.

Mmoja wa waliopitia shule hiyo katika miaka ya 1960 ni Zerihun Yetmgeta, ambaye baadaye alijulikana kwa kuchora juu ya vipande vya mianzi vilivyopangwa pamoja, akitumia alama zinazokumbusha hirizi za Ethiopia. Kazi zake hazifanani na za Gebre Kristos. Hapo ndipo ilipo maana halisi ya ushawishi. Mwalimu mzuri haachi nyuma nakala zake mwenyewe, huacha ruhusa. Baada ya Gebre Kristos, mchoraji wa Ethiopia hakuhitaji tena kuomba radhi kwa kuacha kuchora sura ya mtu.

Historia yake pia inaonya. Mapinduzi ya mwaka 1974 yaliileta Derg madarakani, na dola ikataka sanaa ya mabango na ya kusifu. Gebre Kristos aliihama nchi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, akafariki Marekani, katika jimbo la Oklahoma, mwaka 1981, kabla ya kutimiza miaka 50. Lau simulizi ingeishia hapo, jina lake lingebaki kwa wachache tu. Lakini mwaka 2008 makavazi ya sanaa ya kisasa yenye jina lake yalifunguliwa Addis Ababa chini ya chuo kikuu cha mji huo, na picha zake nyingi zilizokuwa Ujerumani zikarejea nyumbani. Leo kijana wa Ethiopia anaweza kusimama mbele ya kazi yenyewe, si mbele ya picha yake ndogo katika simu.

Vitu viwili basi vilimfanya mchoraji mmoja kuwa wa taifa zima: darasa alilofundishia, na ukuta uliohifadhi kazi zake. Tukivichukua viwili hivyo kuwa kipimo na kukirejesha magharibi mwa Kenya, tutaona kwamba eneo hili halijawahi kukosa vipaji.

Ushahidi wa kwanza ni Gregory Maloba. Alizaliwa mwaka 1922 Mumias, mji wa Kaunti ya Kakamega inayopakana na Bungoma. Alikuwa mchongaji, si mchoraji, na kazi zake hazikuiacha kabisa sura ya mtu. Hata hivyo ndiye mfano wa karibu zaidi tulio nao wa msanii mmoja kugusa sanaa ya taifa zima, na taifa lenyewe halikuwa lake. Alisomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yake. Kisha Maloba akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufundisha katika shule hiyo ya sanaa.

Makerere nayo ilikuwa na ubishi wake kuhusu kilicho chetu na kisicho chetu. Trowell alisita kuwafunza wanafunzi wake sanaa ya kisasa ya Ulaya, akihofia kwamba ingewapotezea njia yao. Aliwasimulia hadithi, kisha wachore walichokiona akilini. Cecil Todd, aliyeshika nafasi yake mwaka 1958, aliona kinyume, akaifungua milango kwa historia ya sanaa ya dunia nzima. Maloba alifanya kazi katika zama zote mbili. Mwaka 1962, Uganda ilipojipatia uhuru, ni yeye aliyeunda Mnara wa Uhuru unaosimama katikati ya Kampala: umbo refu la mtu aliyezungushiwa vifungo mwilini, akimwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu. Halikuwa sanamu la kiongozi fulani. Maloba alikuwa amelichukua wazo, yaani uhuru, akalipa mwili.

Mnara huo umechapishwa katika noti za Uganda zilizoanza kutumika mwaka 2010. Mfanyabiashara wa Bungoma anayevuka mpaka wa Lwakhakha na kubadilisha fedha hushika mkononi kazi ya jirani yake wa Mumias, na kuna uwezekano mkubwa kwamba hajawahi kuambiwa. Uganda iliutumia mkono wa Maloba kujieleza kwa ulimwengu. Sisi tulimpa nafasi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1960, akafariki mwaka 2007, lakini jina lake halikushuka hadi madarasa ya kijijini kwao.

Ushahidi wa pili ni wa kale zaidi, na unajibu moja kwa moja dai kwamba picha dhahania ni mzigo wa kigeni. Katika milima iliyo karibu na mpaka wa Uganda, upande wa Teso Kaskazini katika Kaunti ya Busia, kuna pango la mwamba liitwalo Kakapel. Lilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 2004. Juu ya mwamba huo kuna tabaka za michoro iliyofanywa na watu wa vizazi tofauti. Ya chini, ambayo wataalamu huihusisha na wawindaji na wakusanyaji wa kale, ni maumbo ya kijiometri, yakiwemo miduara. Baadaye wafugaji wakachora ng'ombe wenye pembe ndefu juu yake.

Mpangilio huo una maana. Katika mwamba wa Kakapel, umbo tupu lilitangulia sura ya mnyama. Si mahali patupu pa kihistoria pia: mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba wamepata hapo mabaki ya kunde ya miaka ipatayo 2,300, miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa kilimo katika eneo letu. Waliopita hapo walilima, walifuga, na walichora. Anayedai kwamba mtoto wa Bungoma anayechora miduara na mistari anawaiga Wazungu hajafika Kakapel.

Wala si lazima twende hadi mwambani. Shanga na njuga za vijana wa Kibukusu katika msimu wa tohara, ambao huja Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili. Matope anayopakwa kijana mtoni kabla ya kisu. Michirizi inayokandamizwa shingoni mwa chungu kabla hakijachomwa. Ruwaza za vikapu vinavyouzwa sokoni Kitale: vyote hivyo hupanga rangi, mstari na umbo bila kuiga sura ya kitu. Mama anayesuka kikapu haulizwi kimefanana na nini. Hutazamwa kama kimesukwa vizuri. Lugha ya picha dhahania tunayo. Tulichokosa ni mtu wa kuifundisha darasani kama lugha.

Hapa kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Husemwa kwamba picha dhahania ni njia ya kukwepa kazi, kwamba yeyote anaweza kumwaga rangi na kujiita msanii. Ni kweli kuna ulaghai wa aina hiyo, kama ulivyo katika ushairi na hata katika mahubiri. Lakini Gebre Kristos aliweza kuchora watu, na aliwachora, wakiwemo maskini wa miji ya Ethiopia. Aliliacha umbo la kawaida baada ya kulimudu. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 anapaswa kupitia njia hiyohiyo: kwanza jicho na mkono vifunzwe, kisha apewe uhuru wa kuchagua.

Nani atamfunza? Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliiweka Sanaa na Ufundi katika shule za msingi na kuitahini. Mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliiondoa katika mtihani, na kila mwalimu anajua kwamba katika shule zetu somo lisilotahiniwa hufa likiwa bado kwenye ratiba. Matokeo yake ni kwamba walimu wengi vijana wa leo walipita shuleni bila kushika brashi. Sasa wanatakiwa kuwaongoza wenzao wadogo katika mkondo mzima wa sanaa. Mtaala unaweza kubadilishwa kwa waraka mmoja wa wizara. Mwalimu wa sanaa huchukua miaka.

Upande wa ukuta, Kitale ina bahati ambayo miji mingi haina. Makavazi yake yalitokana na mkusanyo wa Hugh Stoneham, mlowezi aliyeanza kuhifadhi wadudu, ndege na vifaa vya wenyeji mwaka 1926. Baada ya kifo chake mkusanyo huo ulikabidhiwa taifa, na mwaka 1974 makavazi ya Kitale yalifunguliwa yakiwa ya kwanza ya kitaifa katika maeneo ya bara nje ya Nairobi. Wanafunzi hufika hapo kwa mabasi kutazama nyoka, kobe na nyumba za kimila. Ni elimu njema. Lakini makavazi yanayoonyesha jinsi babu zetu walivyoishi pasipo kuonyesha wajukuu wao wanachora nini humfundisha mtoto kwamba utamaduni ni kitu kilichokwisha.

Kwa sasa, mtoto wa Kitale au Bungoma anayetaka kuona sanaa ya kisasa ya Kenya kwa macho yake sharti apande gari hadi Nairobi. Huko ndiko kuliko majumba ya maonyesho, likiwemo lile la taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage, ambalo lilifunguliwa mwaka 2022. Huko ndiko waliko wanunuzi. Kijana wa magharibi akifaulu, hufaulu akiwa amehama, na mji wake hubaki bila kielelezo kwa yule anayemfuata.

Gharama ya kutojenga taasisi tumekwisha kuilipa hadharani. Katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2013, banda lililobeba jina la Kenya lilijaa kazi za wasanii wengi kutoka China. Mwaka 2015 ilipodhihirika kwamba mambo yangejirudia, wasanii wa Kenya walipaza sauti, na serikali ikalikana banda hilo. Ni mwaka 2017 ambapo Wakenya wenyewe walionyesha kazi zao huko chini ya jina la nchi yao. Nafasi isiyotunzwa na mwenyewe huchukuliwa na mwingine. Hilo ni kweli kwa shamba, na ni kweli kwa sanaa.

Basi nini kifanyike? Kisingizio kwamba sanaa ni jambo la Nairobi hakina tena mguu wa kusimamia. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazikabidhi serikali za kaunti maktaba, makavazi, na shughuli na vituo vya utamaduni. Vyuo vya ufundi vya vijijini pia viko chini yao. Ingawa shule za sekondari ni za serikali kuu, gavana wa Trans Nzoia na mwenzake wa Bungoma hawahitaji ruhusa ya Nairobi ili kutenga chumba, kukipaka rangi nyeupe na kutundika picha.

Hatua ya kwanza ni ukuta. Ukumbi mmoja Kitale kwa makubaliano na makavazi, na mwingine Bungoma katika maktaba au kituo cha utamaduni, unatosha kuanza. Kila muhula picha zibadilishwe, na nusu ya nafasi iachiwe wanafunzi wa sekondari za kaunti hizo.

Hatua ya pili ni mwalimu. Wapo katika miji hii wachoraji wanaoishi kwa kuandika mabango ya maduka na kupamba matatu. Mikono yao inajua rangi kuliko cheti chochote. Vyuo vya ufundi vya kaunti vingeweza kuwaajiri kwa muda kuwafunza vijana, nao wakapewa mafunzo ya kuimarisha walichojifunza barabarani.

Hatua ya tatu ni ununuzi. Kaunti hununua magari, viti na mapazia kila mwaka wa fedha. Zikinunua picha chache kutoka kwa wasanii wa nyumbani na kuzitundika hospitalini, mahakamani na katika ofisi ambazo wananchi husubiri kwa saa nyingi, swali la mzazi litaanza kupata jibu la shilingi. Mcheza kwao hutuzwa. Ila sharti kwao kuwe na wa kumtuza.

Kuna watakaosema kwamba hospitali zina uhaba wa dawa na picha zisubiri. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayependekeza dawa ziuzwe ili rangi inunuliwe. Lakini serikali ndiyo iliyofungua mkondo wa sanaa na kuwaalika watoto waingie. Kumwalika mgeni kisha kumwacha mlangoni ni aibu kuliko kutomwalika.

Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mwaka 2026 watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Kufikia hapo kaunti zitakuwa zimepitisha bajeti kadhaa. Ethiopia ilihitaji mwalimu mmoja mwenye msimamo, shule moja changa na ujasiri wa kutuza kitu ambacho wengi walikuwa bado hawajakizoea. Magharibi mwa Kenya kuna Maloba wa kusimuliwa, kuna Kakapel ya kutembelewa, na kuna vijana waliokwisha kuchagua. Mkondo huu ukikosa darasa na ukuta, wao ndio watakaoambiwa mwaka 2028 kwamba walichagua vibaya, ilhali kosa halitakuwa lao.